Ngozi Isiyokanyagwa

Godauni la Ephraim lilianza kunuka kabla ya kuonekana. Mwisho wa Nyasura, pale nyumba za Bunda zinapokoma na mashamba ya pamba kuanza, Koplo Thadeo alipandisha kioo cha gari, akaona hakisaidii kitu, akakiteremsha tena.

"Afande, hii harufu tutarudi nayo Musoma bila kuikatia tiketi."

"Acha ipande," alisema Inspekta Dorkas Wegesa. "Ndiyo shahidi pekee tuliye naye."

Aliteremka na gambuti zake mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda hata pale asipojua. Kitengo chake cha upelelezi wa biashara kilikuwa na chumba kimoja Kitaji, mjini Musoma, feni moja mbovu, na kesi moja iliyokwisha kufika mbali kuliko gari lake lingeweza kufika: Arusha, kwenye mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kesi yenyewe haikuhitaji shahada kuielewa. Anayetoa ngozi ghafi nje ya nchi hulipa ushuru mzito, ili ngozi zibaki na viwanda vya ndani vipate kazi. Lakini ngozi ya mgeni, iliyoingia na inayorudi kwao, hailipi kitu. Ephraim, mfanyabiashara wa ngozi, alikuwa amekutwa na shehena ya lori zima ikielekea mpakani, akaapa kwa maandishi kwamba zote ni za mgeni: zilichunwa ng'ambo, ziliingia kwa lakiri ya forodha isiyovunjwa kwenda kwa mnunuzi wa Mwanza, mnunuzi akageuza kauli, sasa zinarudi zilikotoka. Dorkas alizizuia, zikarudishwa godauni kwa Ephraim. Kampuni ya ng'ambo ikakimbilia Arusha na madai kwamba Tanzania imeugeuza ushuru wa ngozi kuwa rungu la kuwapigia washindani, na kwamba mali yake imeshikwa ili kukibeba kiwanda kimoja cha Musoma.

Jibu la serikali lilitakiwa kesho. Wakili wa serikali alikuwa amempigia Dorkas asubuhi ile, na hakupamba maneno. Kama hana kitu cha kushika mkononi, ngozi zitaachiwa na serikali itaomba radhi.

Zikiachiwa hizo, nyingine zote zitafuata njia hiyohiyo, na kiwanda hicho cha Musoma, mali ya Hyasinta, kitafunga mlango. Hyasinta mwenyewe, mama mpana mwenye kucha zilizoliwa na chokaa ya ngozi, alikuwa amemtembeza Dorkas katikati ya mapipa yake matupu, wafanyakazi wamekaa juu ya mapipa hayo kama kunguru juu ya mti mkavu. Aliahidi kuleta watu kumi waape kwamba ngozi za Ephraim ni za hapahapa Mara. Dorkas alimkatalia.

"Mama, wewe ni mshindani wake. Ukiapa wewe, wapinzani wetu kule Arusha watapiga makofi."

Kwa hiyo alihitaji kitu ambacho hakikutoka kwa Hyasinta.

Ephraim aliwapokea mlangoni, shati jeupe pee, kana kwamba chumvi na damu zilikuwa zimepigwa marufuku kumgusa. Aliagiza soda kabla ya salamu kwisha.

"Karibu tena, dada Dorkas."

"Afande Dorkas. Soda nitakunywa siku nikija kununua."

Ephraim alicheka, akawapeleka kwenye rundo la mbele. Ngozi za juu zilikuwa na chapa ya moto pajani, herufi mbili ambazo upande huu wa mpaka hakuna anayezitumia. Dorkas alifunua ya kwanza, ya pili, akazidi kwenda chini. Huko chini chapa zilikoma. Mahali pa paja palikuwa na tundu la mviringo lililokatwa kwa kisu.

"Chapa za hizi zimekwenda wapi?"

"Chapa ni kovu, afande. Mtu wa viatu hatakagi kovu. Wanazikata hukohuko."

"Na hizi za juu?"

"Walizisahau. Wachunaji wa kule ni watu wa pombe."

Thadeo alimtazama bosi wake, akidhani mwizi ameshanasa. Dorkas alijua zaidi. Alikuwa amekwisha kumuuliza Hyasinta jambo hilo, naye, pamoja na hamu yake yote ya kushinda, alikiri kwamba wenye viwanda hukata chapa. Tundu lile lingeweza kukatwa ng'ambo, lingeweza kukatwa Bunda. Halikuwa na kinywa.

Ephraim alimwona amekwama, akapata nguvu.

"Nikuulize kitu mimi. Mnasema ushindani wa haki. Haki gani hiyo, mfugaji akatazwe kuuza anakotaka ili kiwanda kimoja kinunue kwa bei kinayotaka? Huu ushuru ndio unaozaa magendo."

"Swali zuri," alisema Dorkas. "Kaliulize Arusha, wataalamu wako huko. Mimi nimekuja na swali dogo. Hizi ngozi zilichunwa wapi?"

"Ng'ambo. Zote. Nimeapa."

"Zote?"

"Mpaka ya mwisho."

Dorkas alitikisa kichwa kama aliyeridhika, akaenda kusimama pembeni, mikono nyuma. Alikuwa na desturi hiyo. Maswali yakigonga mwamba, aliwaacha watu wafanye kazi zao, akawatazama.

Kazi ya godauni ilikuwa kutia chumvi. Alikuwapo mwanamume mmoja tu siku hiyo, jina lake Samwel, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, kichwa kilichonyolewa ambacho nywele zilikuwa zimeanza kuchipua upya. Alivaa gambuti na glavu nyeusi za mpira zilizofika karibu na viwiko. Ngozi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, manyoya chini, naye alipita juu yake na koleo, akimwaga chumvi kulia na kushoto, akizikanyaga kama mtu anayekanyaga udongo wa tofali. Thadeo alipomsogelea kumsalimu kwa mkono, alimpa kiwiko. Alipotaka maji, alichukua jagi na kunywa akiwa na glavu zake.

Alizikanyaga zote. Isipokuwa moja.

Ilikuwa ngozi kubwa kuliko nyingine, karibu na ukuta. Samwel alipoifikia alisimama ukingoni, akairushia chumvi kutoka mbali, akaizunguka kwa kubana mgongo ukutani, akaendelea na iliyofuata kwa miguu yote miwili. Alirudi kuchukua chumvi nyingine. Aliizunguka tena, ingawa njia fupi ilikuwa kupita katikati.

"Samwel," aliita Dorkas. "Hebu nigeuzie ile."

Nyingine alikuwa akizigeuza kwa ncha ya gambuti. Hii aliinama, akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu kama anayemgeuza mgonjwa kitandani. Lilikuwa dume jeusi lenye matone meupe yaliyotapakaa mwili mzima, kama mvua ya mawe iliyoangukia lami. Na upande wa kulia wa kidari palikosekana kipande. Upande wa kushoto ulikuwa mzima.

"Hapa pamefanyaje?"

"Kisu kiliteleza," alidakia Ephraim kabla Samwel hajafungua mdomo. "Si nimekwambia ni walevi?"

Dorkas alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Kisu kinachoteleza hupinda, hurudi, huacha meno. Ukingo huu ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula, na mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa pembe safi. Aliyekata hapa alikuwa hajalewa. Alikuwa na muda na alikuwa na sababu. Pale ukingoni, tone moja jeupe, kubwa kama yai la kanga, lilikuwa limekatwa katikati. Nusu ilibaki kwenye ngozi. Nusu ya pili ilikwenda na kipande.

"Kwenu ni wapi, Samwel?"

"Butiama."

"Butiama ya wapi?"

Samwel alitazama koleo lake. "Mwitongo."

"Pole na msiba."

"Asante, afande. Ni mjomba." Kisha akashtuka, kwa maana hakuna aliyekuwa amemwambia afande habari za msiba wowote.

Ephraim alisema misiba iko kila mahali, na kazi haingoji. Dorkas alikubaliana naye kabisa. Aliiwekea ngozi ile utepe wa polisi, akamwacha askari wa Bunda mlangoni, akaaga.

Ndani ya gari Thadeo alikuwa amekwisha kuhukumu. "Kaiiba, afande. Ndiyo maana anaiogopa."

"Mtu haogopi kukanyaga alichokiiba. Anaogopa kukanyaga anachokiheshimu. Kichwa amenyoa, nywele zinaota: msiba wa karibuni. Sasa niambie, Thadeo, ng'ombe wa ng'ambo ya mpaka, aliyechunwa na mlevi asiyejulikana, kijana wa Mwitongo anamheshimu kwa lipi?"

Kiabakari walipinda, wakaingia barabara ya Butiama.

*

Boma la marehemu lilikuwa Mwitongo, limeegemea majabali, na lilipatikana kwa kuuliza mara moja tu: wapi wamezika mzee mwenye ng'ombe? Mwanawe mkubwa, Jastin Magesa, alikuwa akiziba uzio wa zizi kwa matawi ya miiba. Alikuwa katekista wa kigango, mtu wa sauti ya chini na shati la mikono mirefu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Dorkas.

"Milele, amina. Karibuni."

Alijibu kila alichoulizwa, upesi mno. Ndiyo, baba yao alizikwa, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Ndiyo, lilichinjwa dume kulisha watu. Rangi? Hakumbuki, ng'ombe ni ng'ombe. Ngozi? Labda mbwa. Kuhusu mila alisimama wima kabisa.

"Sisi ni Wakristo, afande. Hayo mambo wazee walikuwaga nayo. Hapa kwetu hatufanyagi."

Dorkas alisikiliza huku macho yake yakiwa mahali pengine. Jua lilikuwa kali, miiba ilikuwa mingi, na Jastin alikuwa amekunja mkono wa shati wa kushoto hadi juu ya kiwiko, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifungo mpaka kifundoni. Ulikuwa umelowa jasho, umechanwa na miiba mahali pawili, na bado umefungwa.

Dorkas alimwacha, akasogea kwenye kivuli cha ghala, ambako mwanamke mzee alikuwa akipeta ulezi. Jastin alimtambulisha nusu nusu: shangazi, Bibi Nyangi, dada wa marehemu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Wa ziwani, bibi. Majita."

"Ah. Wala furu, visamaki vya ziwani." Ungo haukusimama. "Ninyi hamjuagi ng'ombe."

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Nimeona ngozi moja, bibi. Dume jeusi lenye matone meupe, kubwa. Kidari upande wa kulia kimekatwa, kimenyooka."

Ungo ulisimama.

"Umeionea wapi?"

"Bunda. Kwenye godauni, chini sakafuni. Imetiwa chumvi, watu wanapita."

"Wanapita juu?"

"Ngozi nyingine zote zinakanyagwa, bibi. Isipokuwa hiyo. Kuna mtu mrefu, anaitwa Samwel. Yeye anaizunguka."

Bibi Nyangi aliweka ungo chini. Kwa muda alitazama punje za ulezi kana kwamba zilikuwa zimemkosea. Halafu alimwita Jastin, na hakupaza sauti.

"Fungua kifungo."

"Shangazi, hawa ni watu wa serikali."

"Fungua, nimesema. Unaficha nini? Padri mwenyewe alikula nyama ya dume hilo, vipande viwili, nikamwongezea supu."

Katekista alifungua kifungo. Kwenye kifundo cha mkono kilizunguka kikuku chembamba cha ngozi ya ng'ombe, manyoya nje, nyeusi na tone jeupe.

Bibi Nyangi ndiye aliyeeleza, kwa kifupi, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kisimani. Katika ukoo wao, dume la msiba likichinjwa, kidari cha kulia hukatwa kanda, na kila mrithi wa marehemu huvaa moja mpaka siku ya kuanua matanga. Ngozi iliyobaki hapewi mtoto. Hupewa mpwa, mtoto wa dada, aitandike na kuilalia, amkumbuke mjomba wake. Haiuzwi. Haikanyagwi kwa viatu.

"Na mpwa ni nani?" aliuliza Dorkas, ingawa alikwisha kujua.

"Ni Samwel. Wa tumbo langu mimi."

Thadeo aliacha kuandika. Jastin ndiye aliyemtetea binamu yake, na hapo sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. Alisema Samwel ana mtoto mgonjwa, na kule kiwandani Musoma ngozi nzima ya ng'ombe unapewa hela ya soda na maandazi, unarudi nyumbani unajicheka. Ephraim anatoa mara tatu. Mtu afanye nini? Ngozi za kijiji kizima zinakwenda kwake, wala si siri.

"Kijiji kizima?"

Jastin aligundua alichokisema, lakini neno likitoka halina mkia wa kulivutia. "Ndiyo, afande. Kijiji kizima."

Dorkas aliiweka hiyo ya soda na maandazi mahali pake. Ilikuwa ya Hyasinta, na angempelekea mwenyewe. Sasa alihitaji kikuku. Aliomba akivue, akipige muhuri, akipeleke Bunda.

"Hakitoki," alisema Bibi Nyangi. "Mimi ndiye wa kukikata, na siku yake bado. Anayekikata leo anamkata marehemu."

"Basi na mkono uje," alisema Dorkas.

Jastin aliuliza kama kutakuwa na watu wengi. Shangazi yake alikuwa amekwisha kuingia ndani kutafuta kitenge cha safari.

*

Ephraim alikuwa amemwita mwanasheria wake, kijana wa tai aliyesimama juu ya ubao asiloweshe viatu. Dorkas alimshukuru kwa kuja. Alitaka macho mengi kadiri iwezekanavyo, tena ya upande wa pili. Samwel alikuwa pembeni na koleo lake. Alipomwona mama yake akiteremka garini aliliegemea kama fimbo.

Mama yake hakumtazama. Alivua kandambili mlangoni.

Dorkas alieleza mbele ya wote anachotaka kufanya, Thadeo akawasha kamera. Ngozi iligeuzwa manyoya juu. Jastin alivua viatu, akapiga magoti kwenye sakafu yenye chumvi, akanyoosha mkono wa kulia na kuulaza ukingoni, kikuku kikigusa pale palipokatwa.

Haikulingana.

Tone la kikuku lilikuwa dogo, zima, na lilikaa mbali na tone lililokatwa. Jastin alisogeza mkono kwenda shingoni, akaurudisha kuelekea tumboni. Alizungusha kikuku. Kila alipokiweka, weusi uligusa weupe na weupe ukagusa weusi.

Ephraim alicheka kwa raha kamili. "Afande, umemleta mtu wa Mungu kutoka Butiama aje apige magoti kwenye damu kwa ajili ya nini? Madume yenye matone yako mangapi Afrika Mashariki?"

Mwanasheria alisema ataiomba video hiyo. Itawafaa sana Arusha.

Thadeo alizima tabasamu lake. Dorkas hakusogea. Alikuwa anatazama upana wa pengo. Lilikuwa na upana wa kiganja kizima, na kikuku cha Jastin hakikuzidi kidole. Kipande kilichokosekana hakikuwa ukanda mmoja. Zilikuwa kanda kadhaa, sambamba, na ni moja tu kati ya hizo iliyogusana na ngozi iliyobaki.

"Bibi," alisema bila kugeuka. "Mnapokata, mnaanzia wapi?"

"Ukingoni, kwenda ndani. Mkubwa kwanza."

"Na Jastin ni wa ngapi?"

"Jastin ni mkubwa." Uso wa Bibi Nyangi ulibadilika kabla ya maneno yake. "Cha kwake kimetoka nje kabisa. Hakiwezi kugusa hapo. Kinachogusa hapo ni cha mwisho."

"Cha mwisho anavaa nani?"

Hapo ndipo mama mzee alipomtazama mwanawe. "Mpwa," alisema. "Anayepewa ngozi."

Godauni zima likageukia glavu nyeusi za mpira.

Ephraim aliacha kucheka. Alisema upesi kwamba Samwel ni mfanyakazi wake, hajashtakiwa kitu, halazimiki kuonyesha mwili wake kwa yeyote, na kazi bado anaitaka au haitaki? Mwanasheria alikubali, na kusema kweli alikuwa sahihi. Dorkas naye alikubali.

"Hulazimiki, Samwel. Na nikwambie lingine: kuuza ngozi yako si jinai. Uliyoyafanya na marehemu ni ya kwenu, mimi hayanihusu. Swali langu ni lilelile la asubuhi. Hii ilichunwa wapi?"

Samwel aliegemea koleo lake, akitazama glavu zake. Huenda kikuku alishakikata siku alipochukua hela. Dorkas alilijua hilo, na alijua kwamba kama Samwel amekikata, kesho yeye ndiye atakayeomba radhi kwa niaba ya nchi nzima.

Samwel aliweka koleo chini. Alivua gambuti la kulia, kisha la kushoto, akaziweka pamoja ukutani kama za mtoto wa shule. Alivua glavu kwa meno. Mkono uliotoka ulikuwa umekunjamana kwa jasho na chumvi, na kifundoni kilikuwapo kikuku, kimechakaa, lakini kizima.

Alikuja peku. Jastin alisogea akampisha. Samwel alipiga magoti, akalaza mkono wake ukingoni mwa ngozi, na hakuhitaji kuusogeza hata kidogo. Nusu ya tone ilikutana na nusu yake. Yai la kanga likawa zima.

Thadeo alipiga picha, akapiga nyingine, kisha akasahau kwamba anapiga.

"Ni ngozi moja," alisema Ephraim. Sauti ilikuwa imemkauka. "Ngozi moja tu kati ya lori zima."

"Na lakiri ni moja, bwana Ephraim. Uliapa kwamba zote zilichunwa ng'ambo, mpaka ya mwisho, na lakiri haikuvunjwa. Dume hili lilichinjwa Mwitongo, watu wakala, padri akaongezewa supu. Hilo lori lako lilifunguliwa, likajazwa hapa. Hilo tu ndilo ninalotaka kesho."

Mwanasheria alikuwa ameshuka kwenye ubao wake. Viatu vilikuwa vinalowa na hakuona.

Samwel, akiwa bado chini, alisema, akimwambia mama yake zaidi kuliko afande, kwamba yaliyoingia nchini kwenye lori lile yalikuwa makombo ya ngozi, yaliyooza, yasiyofaa hata kwa gundi, na chache nzuri za kuweka juu. Makombo waliyafukia nyuma ya godauni, kwenye shamba la pamba. Yapo mpaka sasa, na yana chapa za ng'ambo. Anaweza kuwaonyesha.

"Utatuonyesha," alisema Dorkas, akamwita askari wa mlangoni aje na jembe.

Ephraim aliomba kukaa. Hakuna aliyempa kiti. Thadeo alimshika bega na kumsogeza taratibu kwenye kivuli cha ukuta, akimsomea haki zake kwa sauti ya mtu anayefurahia kusoma.

Dorkas alitoka nje na simu. Wakili wa serikali alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia arudie ile habari ya tone, akaanza kucheka, akasema hataomba radhi kwa mtu. Simu ya pili ilikuwa ya Hyasinta. Huyo alishangilia, akataka kujua lini ataletewa ngozi.

"Mama, tutashinda kesi, lakini ngozi hazitakuja kwako kwa amri yangu. Kule Mwitongo wanasema unalipa soda na maandazi. Kampuni ile ikirudi Arusha mwaka kesho na hilo, mimi sitakuwa na cha kujibu. Ushuru umekufungia mlango wa nje. Bei ya ndani ni yako."

Hyasinta alisema kwa unyonge kwamba amesikia, atakaa na watu wake.

Dorkas aliporudi ndani, Bibi Nyangi alikuwa ameketi chini kwenye ukingo wa ngozi, miguu ameikunja pembeni, akikung'uta chumvi kwa kiganja, mahali kwa mahali. Mwanawe alikuwa amekaa karibu naye, mkono wake bado pale pale, kama anayeogopa kuunyanyua.

"Naichukua nyumbani," alisema mama mzee, bila kuomba.

"Itakwenda mahakamani kwanza, bibi. Ikitoka huko nitakuletea mwenyewe. Kabla ya siku ya kuanua matanga."

"Wala furu," alisema Bibi Nyangi, lakini sasa neno lilikuwa na upole. "Nitakupa ugali wa ulezi, ujue chakula."

Askari alikuja na jembe na kuingia moja kwa moja akielekea mlango wa nyuma. Koplo Thadeo alikuwa mbele yake, mikononi mfuko wa vielelezo, haraka zake zote zikiwa shambani kwenye makombo. Njia fupi ilipita katikati. Alinyanyua mguu, gambuti likaning'inia hewani juu ya matone meupe.

"Thadeo," alisema Dorkas. "Zunguka."

Thadeo alirudisha mguu. Alizunguka, mgongo ukutani, na askari wa jembe nyuma yake akafanya vivyo hivyo.